Kwa Vijana Wanaopanda Jukwaani na Kompyuta

Wanangu, nawasikia mkisema sisi wa bendi za zamani tunawaonea wivu, eti kwa sababu mnaingia ukumbini na begi moja la mgongoni wakati sisi tulikuwa tunapakia lori. Si kweli. Mgongo wangu unaijua vizuri spika ya besi, na kompyuta ingekuwapo wakati ule ningeibeba kwa mikono miwili. Ninachowakemea ni kingine. Mmeiachia biti iongoze shughuli, na biti haina macho.

Tazameni yanayotokea kwenye sendofu kila Jumamosi. Mwimbaji ameshika kiitikio, ukumbi umeamka, mama mzazi wa binti ameinuka mezani. Anakuja kwa madaha, hana haraka, noti ziko mkononi, nyuma yake wamejipanga mashangazi na wenzake wa kwaya. Hajafika nusu ya njia, wimbo unakatika. Kwa nini? Kwa sababu faili lilikuwa la dakika nne na limekwisha. Mama anasimama katikati ya ukumbi na noti zake, MC anahangaika kuziba pengo kwa maneno, mwimbaji anatazama kompyuta kana kwamba itamwomba radhi. Bendi yenye watu isingefanya hivyo. Mpiga solo angemwona yule mama tangu alipoondoa kiti, angemkonyeza mpiga ngoma, chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, lingeendelea mpaka noti ya mwisho iwekwe kwenye paji la uso la mwimbaji. Kwenye taarabu ndiyo kabisa: kutunza ni sehemu ya wimbo wenyewe, na anayekatisha wimbo mtu akiwa njiani kuja kutunza amemkosea adabu.

Sikatazi pleibeki. Mwenye shughuli wa leo halipi wanamuziki kumi na wawili, analipa wanne, na wanne hao wanataka kusikika kama kumi na wawili. Wala jambo lenyewe si geni kama mnavyodhani. Lugha ya MIDI inayofanya kinanda kimoja kiamrishe kingine ilionyeshwa hadharani Marekani mwaka 1983, na miaka iliyofuata wapiga vinanda wa hotelini walitembea na disketi zenye ngoma na besi zilizopangwa tayari. Kwa hiyo mtu asiwaambie mmeharibu muziki. Mnachoharibu ni kazi ya mafundi wawili mnaowalazimisha wafanye kazi moja.

Mafundi hao ni programu zenu mbili. Prodyuza wengi wa huku kwetu wanatengenezea biti FL Studio, ile ya Ubelgiji iliyozaliwa mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Wengine wanatumia Cubase, Logic au Reaper. Ninayosema yanawahusu pia. Hizo ni programu za kujengea wimbo: kukata, kupima, kusafisha, kuweka kila kitu mahali pake. Ya pili ni Live ya kampuni ya Ableton ya Berlin, iliyotoka mwaka 2001 na ambayo jina lake tu linakwambia imekusudiwa nini. Hiyo ndiyo ya kupigia mbele za watu, kwa sababu inaweza kuzungusha kipande cha wimbo muda wote unaotaka, kisha ikahamia kipande kingine bila kukosa pigo. Ya kwanza ibaki studio, ya pili ndiyo ipande jukwaani. Ukielewa hilo, mengi ninayoyasema hapa utayaona mwenyewe kabla sijayafikia.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuziunganisha zote mbili zikiwa hai na kupanda nazo hivyo hivyo. Kijana ameangalia somo la zamani kwenye simu, akaambiwa kuna ReWire, daraja la kuunganisha programu mbili ziende pamoja. Kweli lilikuwapo. Kampuni ya Kiswidi ya Propellerhead ililitoa mwaka 1998, na watu wakalitumia miaka mingi. Lakini wenyewe walilistaafisha mwisho wa mwaka 2020, na Live tangu toleo la 11 hailijui tena. Somo bado liko kwenye simu, daraja halipo. Akishindwa hapo anajaribu saa ya MIDI, inayotuma vidokezo 24 kwa kila pigo ili programu ya pili ijue iende mwendo gani. Nyumbani inakwenda. Jukwaani kompyuta ikielemewa kidogo vidokezo vinachelewa, na mpiga ngoma anaanza kukunja uso bila kujua kinachomuudhi. Wengine wananitajia Link, iliyotolewa na hao hao Ableton mwaka 2016. Ni nzuri, tena sana, kwa watu wawili wenye kompyuta mbili wanaotaka kwenda mwendo mmoja. Lakini Link inagawana tempo na pigo. Haijui kama uko ubeti wa pili au kwenye kiitikio. Na yuko anayeifungua FL Studio ndani ya Live kama chombo. Hilo linawezekana, na kwa kutungia ni raha. Kwa kupigia watu mia nne umeibebesha kompyuta mzigo wote wa studio, na sauti itaanza kupasuka pale pale kwenye chemko.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na saa mbili za mwendo hazikai jukwaa moja. Programu ya kwanza imalize kazi yake, itoe mafaili, ifungwe. Ya pili iyapokee mafaili hayo, na kuanzia hapo mwendo uwe wake peke yake. Zipokezane. Hiyo ndiyo maana ya kuzitumia pamoja, kwa ninavyoona mimi.

Sasa tukae kidogo kwenye kule kupokezana, maana huko ndiko kazi ilikolala na ndiko mnakopita mbio.

Usipokee biti ya MP3 iliyotumwa WhatsApp. Achana na suala la ubora, ingawa nalo lipo. MP3 inaongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, sehemu ndogo sana ya sekunde, ukimya ambao sikio haliutambui mpaka uweke faili mbili pamoja au uanze kuzungusha; hapo utasikia kigugumizi kila unaporudi mwanzo. Mwombe prodyuza WAV, na mwombe stemu: ngoma peke yake, besi peke yake, vinanda, waitikiaji. FL Studio inatoa zote kwa mkupuo mmoja ukichagua Split mixer tracks kwenye ukurasa wa kutolea faili, kwa hiyo asikwambie ni kazi ya wiki. Azime kwanza limita aliyoiweka kwenye njia kuu, kwa sababu kila stemu ikibanwa peke yake, ukizijumlisha hazirudi kuwa wimbo ule ule. Zote zianzie baa ya kwanza, hata kama waitikiaji hawaingii mpaka baa ya 17. Faili la waitikiaji lianze na ukimya wa baa 16, sawa. Ukimya huo ndio unaokuokoa: unazipanga stemu zote mstari mmoja na zinakutana zenyewe, huhitaji kukisia.

Stemu zina faida nyingine ambayo wanamuziki wanaisahau. Siku mpiga besi wako yupo, unazima stemu ya besi. Siku ana homa, unaiwasha. Mwenye wimbo mzima kwenye faili moja hana hiari hiyo, na hapo ndipo unapomkuta mpiga besi aliyelipwa anapiga juu ya besi nyingine, mbili zinagombana chini huko hadi meza zinatetemeka.

Angalia pia kipimo cha sampuli. Muziki wa CD ulizoea 44,100 kwa sekunde, mambo ya video yako 48,000. Chagua kimoja, faili zote ziwe hivyo hivyo na kadi ya sauti iwe hivyo hivyo. Faili la 48,000 likipigwa kwa 44,100 na kifaa kisichojua kubadilisha, wimbo unakwenda taratibu na unashuka karibu nusutoni moja na nusu. Mwimbaji anasikia ufunguo si wake, gitaa halikubaliani na kinanda, watu wanamlaumu mpiga gitaa.

Halafu kuna mkia. Sauti yenye mwangwi haiishi pale noti inapoishia, ina mkia unaozama polepole. FL Studio itakuuliza mkia huo iufanyeje: iukate, iuache, au iurudishe mwanzoni mwa faili. Vijana wengi wanabonyeza tu wapite. Simameni hapo. Kipande kinachomalizia wimbo, kiachie mkia wake. Kipande cha chemko utakachokizungusha, chagua njia ya kuurudisha mwanzoni, inayoitwa Wrap remainder, ili kila kinapoanza upya mwangwi wa baa ya mwisho uwe umelalia juu ya baa ya kwanza kama ambavyo ungekuwa ukumbini bendi ikipiga. Mkia ukikatwa, kila mzunguko utasikika kama mtu aliyezibwa mdomo. Mchezaji hatajua ni nini, lakini miguu yake itajua.

Ukiingia Live, jambo la kwanza ni kitufe cha Warp. Live ina tabia ya kukisia mwendo wa faili refu na kulivuta lifuate mwendo wa kikao, yaani kazi nzima uliyoifungua. Nia yake ni njema. Lakini ikiwa wimbo wako ni mapigo 98 kwa dakika na kikao kimesimama kwenye 120 ile inayokuja nayo, au programu imekisia vibaya, utasikia sauti ya waitikiaji imekuwa kama inatoka ndani ya maji. Wimbo usiotaka kuurefusha, zima Warp, ucheze ulivyotoka studio. Wimbo utakaouzungusha lazima Warp iwashwe, kwa sababu bila hiyo Live hairuhusu kuzungusha; basi iambie wewe mwenyewe kwamba huu ni 98, na kikao chake kiwe 98, ili kusiwe na cha kuvuta. Stemu ya ngoma iweke kwenye njia ya Warp iitwayo Beats. Ile ya Complex inasifiwa sana kwenye masomo, lakini inakula nguvu ya kompyuta, na nyinyi mnakwenda na kompyuta mlizonunua mtumba. Nazijua.

Kisha kata wimbo kwa vipande: utangulizi, ubeti, kiitikio, chemko, kumalizia. Vikate kwenye mwanzo wa baa, si karibu na mwanzo wa baa. Chemko lipe baa nane na liambie lizunguke. Kwa mapigo 98 hizo ni kama sekunde 20, muda wa kutosha masikio yasichoke upesi. Weka pedali ya MIDI kwenye mguu wa kushoto wa mpiga kinanda, kazi yake iwe moja tu, kuita kipande kinachofuata. Na hapa kuna kitu kizuri: Live haihami pale unapokanyaga, inasubiri. Ukiiacha ilivyo, inasubiri baa inayofuata. Kama mzunguko wa kodi (chords) zako unakamilika kila baa nne, iambie isubiri nne, ili isikutoe chemko katikati ya sentensi. Basi mama aje kwa madaha yake, arudi, akumbuke amesahau kumtunza mpiga gitaa, aje tena. Mwimbaji akishusha mkono, mpiga kinanda anakanyaga, wimbo unamaliza kwa heshima.

Mjue lakini kwamba kipande kinachozunguka kikiwa kile kile dakika sita mfululizo, watu wanakaa chini. Yule mpiga ngoma wa zamani hakuwa anarudia kitu kile kile hata siku moja. Alikuwa anaongeza hapa, anapunguza pale. Kwa hiyo pumzisheni stemu. Toa vinanda mzunguko wa tatu, rudisha wa tano. Na gitaa liwe la mtu, tafadhali. Wimbo wa dansi wenye solo la kompyuta mimi naondoka.

Nije kwenye zilipendwa, ambako mnanitia uchungu. Nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) miaka ya sabini na themanini zilipigwa na bendi nzima ndani ya chumba, hakuna kliki ya kuhesabu mapigo masikioni. Wimbo unaanza taratibu, watu wanasimulia hadithi yao, chemko linapoingia kila mtu anasogea mbele kidogo na mwendo unapanda. Hakukuwa na makosa pale. Ndivyo dansi la Tanzania lilivyopumua, iwe ni bendi ya Msondo, iwe ni ya Sikinde. Sasa kijana anauchukua wimbo huo, anautupa kwenye Live, Warp inaunyoosha wote kwenye mwendo mmoja, juu yake anaweka kiki na heti za leo, anasema ameuboresha. Ameua kile kilichowainua watu kwenye viti.

Kama ni lazima umpigie mwenye harusi wimbo wa ujana wake, fanya kinyume. Fungua wimbo kwenye Reaper au Logic, uusikilize, na uuwekee ramani ya tempo baa kwa baa ukimfuata mpiga ngoma aliyepiga siku ile. Ulioanza kwenye 108 waweza kufika 116 mwishoni. Ramani yako ipande naye. Vyombo vyako vipya virekodi juu ya ramani hiyo. Na kama unataka Live nayo iufuate wimbo badala ya kuuburuza, kwenye ukurasa wa Arrangement unaweza kukifanya kipande kimoja kiwe kiongozi wa tempo, kikao kizima kimtii. Ni kazi ya jioni nzima kwa wimbo mmoja. Ndiyo bei yake. Hizi programu za kutenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo, ambazo FL Studio yenyewe imekuwa nazo tangu toleo la 21.2 la mwaka 2023, zinasaidia kusikia besi ilikuwa inafanya nini, jifunzieni. Lakini sauti ya marehemu iliyochomolewa kwenye rekodi na kubandikwa kwenye biti yako ina wenyewe: kuna familia, kuna mwenye rekodi, na kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Ulizeni kwanza.

La jukwaani nitalisema haraka. Wasiokuwa na fedha wanaweka muziki waya wa kushoto na kliki waya wa kulia, halafu fundi mitambo wa ukumbi anainua vyote viwili na bibi harusi anaingia kwa ti-ti-ti-ti. Changeni mnunue kadi ya sauti yenye njia nne za kutolea sauti, muziki uende moja na mbili, kliki iende tatu kwa mpiga ngoma tu. Kompyuta izimwe intaneti na WhatsApp. Kama inapiga mafaili tu, iacheni na bafa ya 512, ucheleweshaji wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde haumuumizi mtu. Kama kinanda nacho kinapitia humo, shusheni hadi 128 na mjaribu mapema. Na kabla hujatoka nyumbani, bonyeza Collect All and Save kwenye Live. Nimeona zaidi ya bendi moja ikifungua kazi yake ukumbini na kukuta vipande vimeandikwa kwamba havipo, kwa sababu stemu zilibaki kwenye flashi ya prodyuza.

Prodyuza huyo naye mlipeni. Kazi ya kutoa stemu ni kazi, na jina lake liwekeni mnapotangaza shoo.

Mna mazoezi wiki hii, najua. Mkiwa katikati ya wimbo mnaoujua zaidi, mmoja wenu aizime kompyuta bila kumwambia mtu, halafu sikilizeni nani bado anapiga.